Kurasa za Kufungia Mikate

Mbelu alianza kwa kuuza mapenzi. Vitabu vya mapenzi vilikuwa vidogo, vyepesi, na karatasi yake ilikuwa laini. Mama Kabamba, muuza mikate ya kukaanga, alivigeuza mkononi kama mtu anayechagua nyanya, akasema vitafaa. Kwa kitabu kizima alitoa mikate sita. Humo mlikuwa na daktari, nesi, farasi mweupe na machozi ya kurasa mia mbili, na vyote hivyo viliisha kabla jua halijapanda.

Hiyo ilikuwa siku yao ya nne pale stesheni. Siku ya saba aliuza katuni, na mama Kabamba akazipenda kuliko zote, maana kurasa zake zilikuwa pana. Siku ya kumi na mbili ikawa zamu ya vitabu vinene vya siasa, vile vya wazee wenye ndevu walioahidi kwamba siku moja wafanyakazi wote watashikana mikono. Lukusa, mumewe, alikuwa amevivisha majalada ya vitabu vya mapenzi kwa miaka ishirini, kwa kuwaogopa wapelelezi wa chama. Serikali iliyovihofia kiasi kile haikujua kumbe dawa yake ni mafuta ya mawese. Vinanyonya vizuri, mama Kabamba alisema, akauliza kama viko vingine vya namna ile.

Siku ya kumi na tano vilibaki vya kutisha, na hivyo navyo vikaenda. Siku ya kumi na sita sanduku la bati, lile wanaloliita kantini, halikuwa na kitabu hata kimoja. Ndani yake alilala Odile, binti yao wa miaka mitano, miguu imekunjwa, juu ya kitenge kilichokunjwa mara nne, kwa sababu kote kwingine kulikuwa na matope.

Stesheni ya Kolwezi mwaka ule wa tisini na tatu haikuwa stesheni tena. Ilikuwa mji wa maturubai na mabati yaliyong'olewa kwenye nyumba ambazo wenyewe wamefukuzwa. Watu wote wenye asili ya Kasai waliambiwa warudi kwao, hata wale ambao babu zao waliletwa kuchimba shaba, na baba zao wakazaliwa kambini, na wao wenyewe hawakuwahi kuiona Kasai hata kwenye picha. Treni ilikuja ilipotaka. Mabehewa yalikuwa ya kubebea mawe ya shaba, na kila kichwa kilihitaji kijikaratasi cha nafasi. Mtoto wa mgongoni hakuhesabiwa; mtoto anayetembea alihesabiwa. Lukusa, aliyekuwa karani wa stoo kwa miaka ishirini na minane, sasa kazi yake ilikuwa kusukumana kwenye foleni ya vijikaratasi hivyo tangu asubuhi hadi jioni, na kurudi mikono mitupu.

Nyumbani kwao kambini walikuwa na kantini mbili za kijani, pacha kabisa. Kampuni ya shaba ilimpa Lukusa moja alipotimiza miaka kumi ya kazi, na nyingine alipotimiza ishirini. Ya chini ya kitanda ilikuwa na cherehani ya Mbelu, unga na dawa za watoto. Ya chini ya dirisha ilikuwa na vitabu. Jioni moja mvua ilivuja dirishani, na Mbelu, badala ya kutega beseni kama mwanamke mwenye akili zake, akabadilisha kantini: vitabu pakavu, cherehani penye maji. Chuma kitakauka, alijiambia, karatasi haikauki. Nani angefanya hivyo isipokuwa msomaji? Kesho yake vijana walipopiga mlango kwa marungu na kusema dakika tano, Mbelu akampigia mumewe kelele: "Beba ya chini ya kitanda!" Alikuwa amesahau. Uzito wa vitabu na uzito wa cherehani, kichwani mwa mtu anayekimbia, ni uzito mmoja.

Lukusa alipofungua kifuniko pale stesheni aliangalia kwa muda mrefu. "Kumbe," akasema. Hakuongeza neno siku ile wala siku zilizofuata. Angempiga, angemtukana ukoo mzima, Mbelu angepata nafuu. Hatua kumi kutoka walipoketi, mwanamke mmoja aitwaye Tshiela, ambaye mumewe hajulikani alipo, alikuwa ameokoa cherehani yake. Alishona magunia ya unga kuwa mifuko ya safari, na watu wakamlipa vikombe vya unga. Kila gurudumu la cherehani lilipozunguka, Mbelu alisikia kama linazunguka juu ya vidole vyake. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba Tshiela alikuwa mwema. Alikuwa akiwaletea uji.

* * *

Stany alikuja asubuhi ya siku hiyo ya kumi na sita. Watu walimwona kwa mbali wakaanza kuvuta watoto wao, kwa sababu mkononi alikuwa amefunga kitambaa chekundu, na katika kiuno alikuwa amechomeka rungu. Alikuwa mmoja wa vijana waliolinda geti, wale walioamua nani atoke kununua chumvi na nani apigwe kwa kutoka. Alisimama mbele ya Mbelu. Umri wake haukupita miaka ishirini.

"Mama Odile, jambo."

Kijana huyu alikuwa msomaji wake. Kila Jumamosi kwa miaka minne alikuja barazani, akanawa mikono katika beseni, maana hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya vitabu vya Mbelu, akakaa kwenye mkeka na vijana wenzake, na kusoma. Mbelu hakuwachagulia. Yeye mwenyewe alisoma kama mbuzi anavyokula: katuni, mapenzi, mizimu, wazee wa ndevu, hata karatasi ya maelezo ya dawa ya minyoo. Vingi vilikuwa vya Wazungu waliokimbia mwaka wa vita wakaviacha uani. Stany alianza na picha za katuni hajui kusoma sentensi nzima. Mbelu alimfundisha kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Jambo, Stany," akasema.

Kijana alitoa karatasi mfukoni. Ilikuwa imelowa mafuta hadi inaonyesha upande wa pili. "Hii inatoka kwako? Mi nilikuwa nakula mukate, nikaanza kusoma. Nikasema, eh! Njo mulinzi wa pont! Njo kitabu ya kumi na mbili!"

"Njo yenyewe."

"Ingine iko wapi?"

"Batu balikula."

"Banakula hadisi?"

"Banakula mikate, Stany. Hadisi banatupa."

Stany alichuchumaa. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyeambiwa kwamba ndugu yake amefariki safarini. Hadithi ile ilikuwa ya vijitabu kumi na viwili. Kuna mji kando ya mto, na kuna daraja, na kila jua linapozama kitu fulani huvuka daraja na kuita milangoni kwa sauti ya jirani. Anayefungua mlango haonekani tena. Mlinzi wa daraja, kijana hodari, ameapa kukikamata. Stany alisoma vijitabu kumi na kimoja. Cha mwisho kilikuwa kimeazimwa na mtu mwingine, na kiliporudi, Stany alikuwa ameshaanza kwenda kwenye mikutano ya kitambaa chekundu.

"Mi nilienda kwa mama Kabamba, akanipa karatasi mbili tu, za katikati," alisema. "Mwisho, hapana."

"Mwisho iko hapa." Mbelu aligusa paji la uso wake.

"Nambie basi, mama."

"Kwanza angalia ndani ya kantini."

Stany aliinuka, akaangalia. Macho ya Odile yalikuwa yameingia ndani, na midomo yake ilikuwa imepasuka. Huyu ndiye mtoto aliyekuwa akimketia magotini na kumfungulia kurasa kabla hajamaliza kusoma.

"Iko na nini?"

"Anahara, anatapika. Siku tatu. Chumvi na sukari tumemupa, anarudisha yote. Tata Barnabé pale, infirmier, iko na sindano, iko na mupira. Serumu, ile maji ya kutia ku mushipa, njo hapana." Mbelu alishusha sauti. "Dada yako Falonne anatumika kazi ku dispensaire. Chupa moja, Stany. Utaleta, na mi nitakuambia mwisho yote, neno kwa neno."

"Mama Odile, benzangu bakiniona na serumu ya bilulu..." Bilulu ni wadudu. Ndivyo watu wa Kasai walivyoitwa redioni, ukutani na mabarabarani, na sasa mbele ya beseni ambalo halikuwepo tena.

"Maliza tu," Mbelu alisema. "Ile jina tunaijua."

Stany aliangalia viatu vyake. "Nambie kitu kimoja tu. Mulinzi anashinda, ao hashinde?"

"Leta chupa."

"Mwisho kwanza."

"Hapana. Nikikupa mwisho kwanza, utasahau chupa. Mi nakujua. Ulikuwa unasoma ukurasa wa mwisho mbele ya wa kwanza, nikakukataza." Alisogeza kifuniko cha kantini kumkinga Odile na jua. "Leta chupa mbele ya saa sita, mwanangu. Nakuomba."

Alimwita mwanangu. Aliyekuwa mlangoni siku ile ya marungu hakuwa Stany peke yake, lakini Stany alikuwepo, na Mbelu alimwona. Njaa na hofu ya mtoto huondoa haya kwa mtu kama maji ya moto yanavyoondoa manyoya ya kuku. Kijana aliondoka bila kuitikia, rungu likigongagonga pajani mwake.

* * *

Barnabé alikuja kumwangalia mtoto. Alikuwa mzee mfupi aliyefanya kazi ya uuguzi hospitalini hadi siku alipofukuzwa akiwa bado na koti jeupe. Alibana ngozi ya tumbo la Odile kwa vidole viwili. Ngozi ikasimama pale pale ilipobanwa.

"Atakuja yule kijana?"

"Atakuja," Mbelu alisema. "Iko na kiu ya mwisho."

"Basi akuje mbio." Barnabé akahamia kwa Tshiela, ambaye mtoto wake wa mgongoni, Muamba, wa miezi minane, alikuwa ameanza kuhara tangu jana. Huyo alikuwa bado analia na machozi yanatoka. "Huyu iko na nafasi," Mbelu alimsikia akisema, na akamchukia kwa kusema vile, kisha akajichukia mwenyewe.

Alikaa akitengeneza mwisho. Mwisho wenyewe wa kijitabu aliujua vizuri, na haukufaa. Katika kurasa nne za mwisho mlinzi anapita mlango kwa mlango akitafuta kile kitu, na katika mlango wa mwisho anaita, na kwa mara ya kwanza anasikia sauti yake inavyotoka kinywani: ni sauti ya jirani. Ni yeye. Alikuwa yeye tangu kijitabu cha kwanza. Mbelu alipousoma mara ya kwanza, amejilaza kitandani kwake, alicheka kwa kufurahia ujanja wa mwandishi. Hakutetemeka hata kidogo. Alikuwa amesoma habari za madhalimu wa kila aina, wenye meno marefu na wenye kofia za kijeshi, akadhani siku mmoja wao akibisha hodi atamtambua. Vitabu vyake vyote havikumwambia kwamba atakayekuja atakuwa amefundishwa kunawa mikono na yeye mwenyewe.

Kijana mwenye kitambaa chekundu hatatoa serumu kwa mwisho kama ule. Kwa hiyo Mbelu alimtengenezea mwingine, wenye moto, mbio na ushindi, huku akipangusa mdomo wa binti yake kwa ncha ya kitenge.

"Mama," Odile akasema. "Unisomee."

"Kitabu hakuna, mama. Nikuhadisie ya nyani?"

Mtoto alifumba macho kuonyesha ndiyo. Ilikuwa katuni aliyoipenda, ya nyani aliyeiba kofia ya dereva na kuendesha treni hadi baharini. Mbelu alianza. Nyani akavaa kofia, nyani akapanda, nyani akavuta chuma, treni ikaondoka.

"Hapana," Odile akasema, sauti yake kama ya mtu aliye chumba kingine. "Anakula ndizi kwanza."

"Ndiyo, anakula ndizi kwanza. Anaimenya, anaila, ganda anamupa chef wa gare, mukubwa wa stesheni, ashike. Kisha anavuta chuma. Treni inapita Nzilo, inapita kwenye maji mengi, batu banashangaa, banasema, angalia, nyani..."

Aliendelea hadi Dilolo, mpakani, akavuka, akafika karibu na bahari, ndipo alipoona kwamba anajisimulia peke yake. Aliweka kiganja puani kwa mtoto. Akakiweka tena. Jua lilikuwa juu kabisa, na kivuli cha kifuniko cha kantini kilikuwa chembamba kuliko kidole.

Tshiela aliona. Cherehani ikanyamaza, na kinywa chake kikafunguka kwa kilio. Mbelu alimrukia, akamziba mdomo kwa mikono miwili.

"Usilie! Nakuomba, Tshiela, usilie. Wakisikia kilio kule geti, yule hataleta kitu."

Tshiela alimtazama juu ya vidole vile kama anamtazama mwendawazimu.

"Muamba anapumua," Mbelu alisema. "Unasikia? Wako anapumua."

Barnabé alivua miwani, akaifuta kwa koti lake chafu, akaivaa tena. Alimsaidia Mbelu kumwinua Odile na kumweka mgongoni, akamfunga kitenge kwa nguvu, akamfunika kichwa kama watoto wanaolala wanavyofunikwa jua. Mtoto wa miaka mitano hukaa vibaya mgongoni, miguu yake huning'inia. Lakini Odile alikuwa amerudi kuwa mwepesi kama alipokuwa mtoto mchanga.

* * *

Stany alifika jua limeanza kuinama. Tumbo lake lilikuwa limevimba chini ya shati, na kwa jinsi alivyotembea kwa kujikaza kila mtu angejua kwamba ameficha kitu. Jicho lake moja lilikuwa limevimba pia.

"Falonne alikataa," alisema. "Nilikamata kwa nguvu." Aliangalia kantini tupu, kisha mgongo wa Mbelu. "Analala?"

"Analala." Mbelu alianza kuyumba taratibu, kushoto, kulia, kama mama yeyote anayebembeleza. "Ukae chini."

Alikaa kwenye ukingo wa kantini, chupa bado tumboni, ameizungushia mikono. Hakuitoa. Mbelu alielewa kwamba hataitoa hadi hadithi iishe, na akasimulia.

Alisimulia kwa Kiswahili cha baraza, kama zamani alipowageuzia Kifaransa wale wasiokijua. Mlinzi anasikia sauti ya jirani, hafungui. Anazunguka nyuma ya nyumba na taa ya mafuta. Kile kitu kinageuka, kina sura ya watu wote waliopotea, kinamwita kwa majina yao. Mlinzi analia, lakini mkono wake hautetemeki. Anakifukuza hadi katikati ya daraja. Anavunja taa, mbao zinashika moto, na katika moto ule wote waliopotea wanatoka mmoja mmoja, wazima, wanapiga chafya kwa sababu ya moshi.

"Wote?" Stany aliuliza.

"Wote."

"Na batoto?"

Mbelu aliacha kuyumba. Kisha akaendelea kuyumba. "Batoto njo balitoka wa kwanza."

"Na mulinzi?"

"Wanamubeba ku mabega. Wanamupa funguo ya mji."

Stany alipiga goti kwa ngumi, akacheka, na kwa kitambo kidogo hakuwa na kitambaa wala rungu, alikuwa kijana wa mkekani aliyefika mwisho wa kitabu. "Nilijua! Nilibaambia bale benzangu, yule mutu ni muzuri, atashinda!" Alitoa chupa chini ya shati, akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima, jinsi alivyofundishwa kurudisha kitabu. "Odile atapona, mama."

"Merci, Stany."

Ndiyo, alimshukuru. Wewe ungesemaje, na mkono uliotoa chupa bado unaweza kuinyakua tena? Aliyumba hadi kijana alipopotea nyuma ya mabehewa, ndipo akampa Barnabé chupa. Barnabé alikuwa ameshapiga magoti kwa Tshiela, mdomo umeshika pamba, akitafuta mshipa kwenye mkono mwembamba wa Muamba. Alikosa mara mbili. Mara ya tatu mtoto akapiga yowe la hasira, na tone la kwanza likaanguka ndani ya mpira, na la pili. Tshiela alishika chupa juu kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alishika pindo la kitenge cha Mbelu, hakuachia.

Mbelu aliangalia matone yale. Alitaka kufurahi na hakuweza. Alitaka kumnyang'anya mtoto yule mpira na kumwekea wake, na alijua ni upumbavu, na alitaka vile vile.

Ndipo Lukusa alipokuja anakimbia. Shati lake lilikuwa limechanika begani na kiatu kimoja hakikuwepo, lakini alikuwa anacheka, kitu ambacho hakikuonekana kwake tangu siku ya marungu. Alikuwa ameinua ngumi juu, na alipoifungua mlikuwa na vijikaratasi vitatu vilivyolowa jasho.

"Tatu!" alisema. "Mbelu, tatu! Ya mi, ya weye, ya Odile. Treni inatoka saa kumi. Balinipiga, lakini sikuachia." Aliona chupa, akaona mpira. "Na serumu imepatikana! Mbelu, ile mambo ya kantini, mi sina kitu ndani ya roho tena, unasikia? Imekwisha. Tutanunua cherehani ingine kule."

Mbelu alichukua vijikaratasi mkononi mwake. Viwili akamrudishia. Cha tatu akakiweka katika kiganja cha Tshiela, akakifunga vidole vyake juu yake.

"Unafanya nini?" Lukusa alisema. "Ile ni ya Odile. Barnabé, mwambie, ile ni ya mutoto."

Barnabé hakuinua kichwa. Lukusa aliangalia mtoto wa Tshiela, akaangalia mpira, kisha akaangalia miguu miwili iliyoning'inia nyuma ya kiuno cha mkewe. Akanyoosha mkono kuigusa, akaurudisha.

"Tafuta jembe, tata Odile," Mbelu alisema. "Tuko na saa moja."